Uvimbe wa taya kwa watoto wa ziwani: Seli inapokiuka zamu yake

TUSEME mama mmoja anayeanika omena katika ufuo wa Luanda Kotieno ana mtoto wa kiume wa miaka sita. Jioni moja anamwona akitafuna ugali kwa upande mmoja tu wa kinywa. Anamfungua kinywa, anagusa, kumbe gego moja linacheza. Hashtuki, kwani watoto wa umri huo hung'oka meno. Wiki moja baadaye shavu limejaa. Jirani anasema jino limeoza. Mwingine anasema ni matubwitubwi, yataisha yenyewe. Muuzaji wa duka la dawa anampa vidonge. Kufikia wiki ya tatu magego mengine mawili yanacheza, na jicho la upande ule limeanza kusukumwa nje.

Mama huyo ni wa mfano, lakini maradhi yenyewe si ya mfano. Yanaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli nyeupe za damu, na ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu, Siaya na Homa Bay hadi Uganda na kaskazini magharibi mwa Tanzania, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako huwapata watoto zaidi. Wewe unayesoma ukurasa huu pengine unaishi Nairobi, Nakuru au Kisumu mjini. Hata hivyo una jamaa mashambani, na huenda wewe ndiwe utakayepigiwa simu na kuulizwa: shavu la mtoto limevimba, tufanyeje? Ndiyo maana leo nakuomba tufanye somo kidogo la biolojia. Ukielewa jinsi seli inavyonakili DNA yake, utaelewa kwa nini swali hilo haliwezi kungoja mwisho wa mwezi.

KITABU CHA HERUFI BILIONI 6

Mwili wako umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno zisizoonekana ila kwa hadubini. Ndani ya kiini cha seli mna uzi mwembamba uitwao DNA, ambao ndio kitabu cha maagizo yote ya mwili. Ukiunyoosha uzi wa seli moja utapata urefu wa mita 2 hivi. Umekunjwa na kufungwa katika vifurushi 46 viitwavyo kromosomu. Maagizo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali, lakini jumla ya herufi hizo katika seli moja ni kama bilioni 6. Kila agizo linalojitegemea huitwa jeni.

Mtoto anapokua, au kidonda kinapopona, seli hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Kabla ya kugawanyika, seli lazima inakili kitabu chote ili kila seli mpya ipate nakala yake kamili.

Hapa pana ugumu. Mashine ya protini inayonakili DNA husonga kama herufi 50 kwa sekunde. Kama ingeanzia mahali pamoja katikati ya kromosomu ya ukubwa wa wastani, ikaelekea pande zote mbili, ingehitaji zaidi ya wiki mbili kumaliza. Lakini seli ya binadamu humaliza kazi hiyo kwa saa 8 hivi. Siri yake ni kwamba haianzii mahali pamoja. Inaanzia mahali makumi ya maelfu, kama kitabu kilichochanwa kurasa na kugawiwa makarani wa mji mzima.

Kazi inakwenda mbio, sawa. Lakini nani atahakikisha hakuna ukurasa ulionakiliwa mara mbili? Na nani ataona ule uliosahaulika? Seli ikizidisha au ikiacha sehemu ya kitabu, watoto wake watarithi kasoro hiyo, na wajukuu pia.

Nitakueleza jibu kwa mfano wa feri. Wengi wenu mmeipanda feri inayovusha watu na magari kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita. Tuseme kanuni yake ni hii: tikiti hukatwa wakati feri imetia nanga tu. Ikishapiga honi na kung'oa nanga, dirisha la tikiti hufungwa, na tikiti ya kila abiria hupasuliwa anapoingia. Dirisha halifunguliwi tena mpaka safari iishe. Kwa kanuni hiyo hakuna abiria awezaye kupanda mara mbili katika safari moja.

Seli hufanya vivyo hivyo. Wakati imetulia, kabla ya kuanza kunakili, kila mahali pa kuanzia huvishwa pete ya protini. Hiyo ndiyo tikiti. Honi ikilia, pete huanza kusonga kwenye uzi na kuufungua ili unakiliwe, na mahali palipokwisha kutumika hapana pete tena. Wakati huohuo seli huzifunga au kuziharibu zile protini zinazovisha pete, zisije zikavisha nyingine hadi seli imalize kugawanyika. Ni Waingereza wawili, Julian Blow na Ronald Laskey, waliopendekeza mwaka 1988 kwamba kuna kibali cha namna hii, baada ya kufanya majaribio kwa mayai ya vyura. Mashine zenyewe zilikuja kutambuliwa moja moja baadaye.

HONI ILIYOGUNDULIWA KWENYE POMBE

Ni nani anayepiga honi? Hapa nina habari itakayokufurahisha.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Paul Lindner, alichunguza bia ya mtama na wimbi iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta ndani yake aina ya hamira ambayo haikuwa imeelezwa. Akaipa jina la Kiswahili: pombe. Mpaka leo, katika maabara za dunia nzima, chembe hiyo inaitwa Schizosaccharomyces pombe. Ina umbo la kijiti, na hugawanyika kwa kujikata katikati, jambo linalomrahisishia mtafiti kuona kama inagawanyika mapema au kwa kuchelewa.

Katika miaka ya 1970 Mwingereza Paul Nurse alikuwa akichunguza hamira hiyo ya pombe. Aliona kwamba jeni moja likiharibika, chembe hukwama isigawanyike. Likiharibika kwa namna nyingine, chembe hugawanyika kabla haijakomaa. Hiyo ilikuwa honi yenyewe. Mwaka 1987, yeye na Melanie Lee walichukua jeni za binadamu wakazitia katika hamira iliyokwama, na mojawapo ikaikwamua. Yaani honi ya chembe ya pombe na honi ya seli yako ni ya namna moja. Mwenzake, Tim Hunt, alikuwa amegundua mwaka 1982, kwa mayai ya wanyama wa baharini, protini zinazojaa na kutoweka kila seli inapogawanyika. Hizo ndizo zinazoiamrisha honi ilie saa ngapi. Mmarekani Leland Hartwell naye alionyesha kwamba seli ina vituo vya ukaguzi, mahali ambapo safari husimamishwa hadi kasoro irekebishwe. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Vituo vya ukaguzi ndivyo vinavyotuhusu zaidi. Kuna protini iitwayo RB inayolinda lango: bila idhini kutoka nje, kwamba mwili unahitaji seli mpya, lango halifunguki na kunakili hakuanzi. Kuna nyingine iitwayo p53. Hii ni kali. DNA ikikatika au ikiharibika, p53 husimamisha kila kitu ili mafundi warekebishe. Uharibifu ukiwa mkubwa mno, huiamuru seli ijiue. Nami huona kwamba hii ndiyo hekima kubwa kuliko zote katika mwili: seli zako hujiua kila siku, kimya kimya, ili wewe uishi.

Hata bila maafa yoyote, kunakili kwenyewe kuna makosa. Mashine hukosea kama herufi moja katika kila 100,000. Lakini hujisahihisha papo hapo, kisha mafundi wengine hupita nyuma yake, na mwishowe hubaki kosa moja tu katika herufi bilioni moja au hata pungufu ya hapo. Hakuna mpiga chapa yeyote, hata wa gazeti hili, anayeweza kujilinganisha naye.

Saratani ni jina la jumla la kile kinachotokea utaratibu huu ukivunjika. Kwa kawaida huvunjika polepole: kosa hapa leo, kosa pale baada ya miaka kumi. Ndiyo maana saratani nyingi ni za watu wazima na wazee. Swali basi ni hili: imekuwaje mtoto wa miaka sita pale Luanda Kotieno apate saratani inayokua kama unga uliotiwa hamira?

UKURASA ULIOHAMISHWA

Jibu liko katika jeni moja iitwayo MYC, iliyoko kwenye kromosomu nambari 8. Kazi ya MYC ni kuamsha seli na kuisukuma ipite lango la RB, ianze kunakili. Katika seli yenye afya, MYC huwashwa kwa muda mfupi mwili unapohitaji seli zaidi, kisha huzimwa.

Sasa tazama seli nyeupe za aina ya B. Hizi ndizo zinazotengeneza kingamwili za kupigana na magonjwa. Jeni ya kingamwili iko kwenye kromosomu nambari 14, na katika seli B jeni hiyo huwashwa wakati wote, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya seli hizo. Tena seli B ina ruhusa ambayo karibu seli nyingine zote hazina: inaweza kuikata na kuiunga upya jeni yake ya kingamwili, ili itengeneze silaha inayomfaa adui aliyeingia. Kuna kimeng'enya maalumu kinachofanya ukataji huo. Ni kama kumruhusu fundi aingie na msumeno katika maktaba.

Katika limfoma ya Burkitt msumeno umepita pasipostahili. Kipande cha kromosomu 8 chenye MYC kimekatika na kuungwa kwenye kromosomu 14, karibu na jeni ya kingamwili. Agizo la kusukuma seli inakili DNA limehamishiwa kwenye ukurasa ambao taa yake haizimwi. Watafiti waliona kromosomu 14 isiyo ya kawaida mwaka 1972, wakathibitisha mwaka 1976 kwamba kipande kile kimetoka kwenye kromosomu 8, na mwaka 1982 wakatambua kwamba jeni iliyohama ni MYC. Mabadilishano hayo ya 8 na 14 hupatikana katika wagonjwa kama wanane kati ya kumi. Waliobaki MYC yao imehamia kwenye kromosomu nyingine mbili, nazo pia ni za jeni za kingamwili.

Kwa hiyo honi hailii mara moja. Inalia bila kukoma. Seli inamaliza kugawanyika na papo hapo inaanza kunakili tena. Mbaya zaidi, MYC ikizidi hufanya sehemu nyingi mno za DNA zianze kunakiliwa kwa pamoja. Malighafi ya herufi inaisha, mashine zinakwama njiani, uzi unakatika, na makosa mapya yanaongezeka. Baadhi ya seli hizo hupoteza na p53 pia, na hapo mkaguzi mkali amekwisha kuondolewa kituoni.

KWA NINI ZIWANI?

Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Mwairishi aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyekuwa na uvimbe pande zote nne za taya. Hakuwa ameona jambo kama hilo. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona msichana mwenye uso wa namna ileile. Tumbo lake pia lilikuwa na uvimbe. Mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza. Mwaka 1961, pamoja na wenzake Edward Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu kilomita kama 16,000 katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, akiwauliza madaktari wa hospitali za mashambani kama wameuona uvimbe ule. Waliporudi walikuwa na ramani. Ugonjwa ulikuwapo penye joto na mvua, na ulikosekana nyanda za juu, kuanzia kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari katika sehemu zetu hizi. Mtu wa Nyanza anaielewa ramani hiyo bila kuelezwa. Ni ramani ya malaria.

Sababu ya pili ilipatikana kwa bahati. Burkitt alitoa mhadhara London mwaka 1961, na kijana mmoja mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, akamsikiliza. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vikipelekwa London kwa ndege. Mwezi Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege moja itue Manchester, na kipande kikafika kwa kuchelewa, kikiwa ndani ya maji machafu. Wangeweza kukitupa. Epstein alitazama yale maji akakuta seli hai zinaelea, na kutokana nazo akafaulu kuotesha seli za uvimbe katika maabara. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Hicho ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Usiogope jina hilo. Watu wazima zaidi ya tisa kati ya kumi duniani wanacho, pengine hata wewe, nacho huenea kwa mate. Kwa wengi hukaa kimya maisha yote. Tatizo la ziwani ni kukutana kwake na malaria mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi, ambako malaria ni haba. Zaidi ya thuluthi moja ya watoto wa Kisumu walikuwa wameambukizwa kirusi hicho kabla ya kutimiza miezi 6. Nandi, ni kama mmoja kati ya wanane. Na walioambukizwa mapema walikuwa na virusi vingi zaidi katika damu.

Unganisha sasa. Malaria ya mara kwa mara huzifanya seli B zifanye kazi usiku na mchana, na msumeno ule wa kukata jeni hautulii. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu huufanya msumeno huo ukate pasipofaa, hata uvimbe wa seli B ukatokea. Kirusi nacho huisaidia seli iliyoharibika isijiue, wakati ambapo ingestahili kufanya hivyo. Mmoja anakata, mwingine anamficha aliyekatwa.

Hata hivyo ni watoto wachache tu, kati ya kila 100,000, wanaopata ugonjwa huu kwa mwaka. Malaria ya mtoto wako si saratani, na haiambukizi saratani. Mtoto mwenye uvimbe anaweza kulala na nduguze na kula nao sahani moja. Wala si chira, na wazazi hawakukosea mwiko wowote. Naliandika hili kwa heshima kwa wazee, kwa sababu najua majuma mangapi hupotea familia zikitafuta ni nani aliyekosa.

HESABU YA MAJUMA

Seli za Burkitt ni miongoni mwa seli za saratani zinazoongezeka haraka kuliko zote. Zinaweza kujirudufu kwa saa 24 hadi 48. Chukua kalamu upige hesabu: jambo linalojirudufu kila siku mbili, kwa majuma mawili linakuwa mara 128. Kwa kweli uvimbe haukui kwa kasi hiyo kamili, kwa kuwa seli nyingi hufa njiani. Mtaalamu akitazama kipande chake kwenye hadubini huona uwanja mweusi wa seli zilizosongamana, na hapa na pale vidoa vyeupe, ambavyo ni seli nyingine kubwa zinazokula maiti. Wanaiita sura hiyo anga la nyota. Lakini hata baada ya kutoa waliokufa, mama anaweza kuona tofauti kati ya Jumapili hii na Jumapili ijayo.

Kwa hiyo dalili zenyewe ni hizi. Ugonjwa huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, na wavulana kama mara mbili ya wasichana. Meno kulegea ni dalili ya mapema sana. Kumbuka kwamba mtoto wa miaka sita hung'oka meno ya mbele. Magego hayang'oki kabla ya miaka tisa hivi. Magego ya mtoto mdogo yakicheza, hasa zaidi ya moja, si jambo la kawaida. Jipu la jino kwa kawaida huuma sana, lina joto na liko penye jino lililooza. Uvimbe wa Burkitt mara nyingi hauumi mwanzoni, na jino laweza kuwa zima kabisa. Watoto wengine huvimba tumbo, na wazazi hudhani ni minyoo au bandama. Wengine jicho hutokeza. Mtoto aliyekuwa akitembea akianza kuishiwa nguvu miguuni, uvimbe huenda umegusa uti wa mgongo, na hapo hesabu si ya majuma tena, ni ya saa.

Usikubali jino ling'olewe ili "kuona kama uvimbe utapungua". Usikubali uchanjwe. Kama amepewa dawa za kuua bakteria na uvimbe haujapungua katika juma moja, au unazidi, omba barua ya rufaa siku hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji bado huiita Russia, huwatibu watoto hawa. Vilevile Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kinachohitajika kwanza ni kipande kidogo cha uvimbe kichunguzwe. Kuchukua kipande hakuuenezi ugonjwa. Hilo ni kosa ninalolisikia kila mwaka.

DAWA INAYOTUMIA UDHAIFU WA SELI

Hapa ndipo somo letu la kunakili linapolipa. Seli isiyongoja zamu ina udhaifu mmoja mkubwa: karibu kila saa inanakili. Ukimwaga mafuta barabarani, anayeteleza ni yule anayekimbia.

Dawa ya saiklofosfamidi hufunga nyuzi mbili za DNA pamoja, na mashine ya kunakili ikifika hapo inakwama. Methotreksati huinyima seli malighafi ya kuundia herufi. Vinkristini huzuia nakala mbili zisivutwe kila moja upande wake. Hii ilitolewa kwenye lile ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi mmelipanda mbele ya nyumba. (Tafadhali usilichemshe umnyweshe mtoto. Ni sumu, na hospitali hupima kipimo chake kwa miligramu.) Burkitt mwenyewe mjini Kampala, na Peter Clifford na wenzake mjini Nairobi, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia dawa za aina hii, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa wakati ambapo duniani kote saratani chache sana zilitibika kwa dawa pekee.

Seli za kawaida zinazonakili haraka huumia pia: za nywele, za kinywa na utumbo, za uboho wa mifupa. Ndiyo maana mtoto hunyonyoka nywele, hupata vidonda mdomoni, na damu yake hupungua. Hayo hupita. Seli nyingi za uvimbe zikifa kwa pamoja, takataka zake zinaweza kuziba figo, kwa hiyo daktari huanza kwa kumwekea mtoto maji mengi kwenye mshipa. Usikasirike ukiona amekaa siku moja na maji tu. Ni matibabu hayo.

Saratani nyingine hazikimbii hivi. Ile ya mlango wa kizazi pia huletwa na virusi, viitwavyo HPV, lakini hivyo hufanya kazi upande wa breki: protini yake moja humzima RB na nyingine humharibu p53. Huchukua miaka mingi kukomaa, ndiyo maana uchunguzi wa mapema huokoa wanawake wengi, na ndiyo maana Kenya ilianza Oktoba 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10. Jeni ya RB yenyewe ilijulikana kwanza kwa saratani ya jicho ya watoto wadogo, ambayo huonekana kama weupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha ya kamera yenye mwanga. Ukiuona, usingoje.

Turudi kwa mama yetu wa Luanda Kotieno. Tuseme jamaa yake wa Nairobi amesoma ukurasa huu, ametuma nauli, na mama amefika Kisumu na kulazwa na mtoto. Amesajiliwa katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Kama hajasajiliwa, aombe asajiliwe hapohapo hospitalini. Dozi ya kwanza imetolewa. Baada ya siku tano shavu limenywea, jicho limerudi, mtoto anaomba samaki. Mama anafikiria omena zake zinazonyeshewa na watoto wengine walioachwa kwa bibi. Anasema, amepona, twende nyumbani.

Katika nchi tajiri watoto kama tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu ni wachache kuliko hao, na sababu mbili kubwa ni kufika kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Uvimbe uliotoweka machoni bado una mamilioni ya seli zilizojificha, nyingine katika maji ya uti wa mgongo ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri; ndiyo maana dozi nyingine huchomwa mgongoni. Kila seli iliyobaki ina ukurasa uleule uliohamishwa, na taa yake bado inawaka. Dozi hutolewa kwa zamu, kila baada ya siku au majuma kadhaa, kwa miezi michache, ili kuzikuta zile ambazo mara ya kwanza hazikuwa zikinakili. Tarehe ya dozi ijayo imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Mpigie simu mama, muulize ni lini, na kama nauli ya kurudi anayo.